Sauti ya Capitoline kwenye Karatasi

Banda la Capitoline lilikuwa halina tofauti na mabanda mengine ya tumbaku kule Katumba. Nguzo za miti, paa la nyasi, ukuta wa udongo uliopasuka upande mmoja. Lakini mwaka ule wa tisini na tano, ilipofika miezi ya kuchambua, watu walilijaza mpaka wengine wakawa wanaketi mlangoni. Mtu ana banda lake nyumbani, na tumbaku yake imo humo. Anaifunga mzigo, anajitwisha, anapita kwa jirani na kwa jirani wa jirani, mpaka kwa Capitoline. Ukimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, anakwambia kule kwangu kuna tumbaku tu.

Na kama umewahi kuchambua tumbaku unajua anachosema. Unachukua jani, unalinyoosha kwenye paja, unatazama rangi yake, unaliweka kwa wenzake. Jani jingine. Jingine tena. Yakijaa mkono unayafunga penye vikonyo, unaweka fungu pembeni, unaanza upya. Harufu inapanda kichwani, macho yanawasha, na usingizi unakuja mchana kweupe. Unahitaji mtu wa kukushika akili, na kwa miaka mingi, tangu wakimbizi walipoletwa pale kutoka Burundi na kukuta msitu mtupu, mtu huyo alikuwa Capitoline. Alikuwa anaanza bila hata kuinua macho kwenye majani yake.

"Mmeketi?"

"Tumeketi."

"Mwenye haraka je?"

"Ameshaondoka."

Basi, hapo ameanza. Alikuwa anasimulia kwa Kiswahili, kile cha kwetu huku bara, kwa sababu mlangoni pale hakukosekana Masunga, Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake akapiga kambi ng'ambo ya mashamba. Masunga hakulima tumbaku. Alikuwa analeta maziwa, anamkabidhi mkamwana wa nyumba, halafu anasahau kuondoka.

Mume wa Capitoline, mzee Séverin, alikuwa haoni. Macho yake yaliingia ukungu kidogo kidogo, mwisho yakafunga. Majani alikuwa anayachambua kwa vidole, laini huku, makavu huku, na rangi anaambiwa na mkewe. Na mkewe hakuwa mtu wa kumhurumia. Katikati ya hadithi, watu wameshika pumzi, utamsikia: "Kipofu wangu, unaiona hiyo?" Naye Séverin anajibu palepale, "Naiona kuliko wewe." Banda linacheka. Hakuna mwingine kijiji kizima ambaye angethubutu kumwita Séverin hivyo, na hakuna jina ambalo Séverin alilipenda zaidi.

Sasa, Capitoline alikuwa na rovu. Wengi pale walikuwa nalo, uvimbe wa shingo, mtu anazeeka nao kama anavyozeeka na mume. Lakini la kwake lilikuwa halikui kwa nje tu, lilikuwa linakua kwa ndani. Mwaka ule alianza kukatika katikati ya maneno. Anasema, anasita, anavuta hewa kwa mlio kama mlango uliokauka, anaendelea. Akilala chali anaamka anakabwa. Mtoto wake Rénovat, aliyekuwa anafuata dagaa Ikola, kule ziwani, na kuwauza mjini Mpanda, akamchukua kwenye lori mpaka hospitali.

Daktari hakumficha. Uvimbe umebana koo, lazima utolewe, na usipotolewa utamkaba siku moja. "Ila mama, mishipa ya sauti inapita hapohapo. Tutakuwa waangalifu. Lakini rovu lako limeizunguka. Sauti inaweza kubaki, inaweza isibaki."

"Nikipona nitalima?"

"Utalima."

"Nitapika?"

"Utapika. Utafanya kila kitu."

Njia nzima ya kurudi, amekaa juu ya viroba vitupu vya dagaa, Capitoline alikuwa anawaza hicho kila kitu cha daktari. Jembe halitaki sauti. Chungu hakitaki sauti. Watoto wa Rénovat utawapungia mkono, watakuja. Lakini Séverin? Kwa mtu asiyeona, mke asiyesema yuko wapi?

Aliyeambiwa kwanza hakuwa Séverin. Alikuwa Joséline, mke wa Rénovat, mkamwana wake, aliyekuwa anaishi nao hapohapo nyumbani. Joséline alimaliza darasa la saba, na kwa mwandiko na kusoma hakuwa na mwenzake kijijini. Mgeni wa serikali akija, anayesimama mbele na risala ni Joséline. Kanisani, masomo ni Joséline.

"Nataka uandike hadithi zangu," Capitoline alimwambia jikoni. "Ili nikinyamaza, baba mkwe wako asikie."

Joséline aliinama juu ya sufuria, akalia kidogo, akajifuta, akasema ndiyo mama.

Wakaanza na ile ya korongo, ndege yule mwenye taji, kwa sababu ndiyo Séverin alikuwa akiidai kila mwaka. Mtu mmoja kaalikwa pombe ukweni, ng'ambo ya mto, na mto umejaa matope. Anamwendea korongo: niazime mguu mmoja nivuke. Korongo anampa, naye anauvaa mahali pa mmoja wake. Nenda, lakini ujue nimesimama, usichelewe. Mtu anavuka, anafika, anaketishwa, anakunywa, anasahau. Na korongo huku nyuma anaita.

Joséline aliandika vizuri sana. Hilo ndilo lililoharibu.

Siku aliyoisoma bandani, mbele ya watu, alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame, ila karatasi ukiishika unasimama, ndivyo alivyofundishwa. Akanyoosha mgongo. Akasoma kwa sauti ileile ya risala, kila neno limesimama kwenye mstari kama wanafunzi asubuhi. "Hapo kale palikuwa na mtu mmoja ambaye alialikwa na wakwe zake waliokuwa wakiishi ng'ambo ya mto mkubwa. Kwa kuwa mto huo ulikuwa umejaa maji, mtu huyo alimwendea korongo na kumwomba amwazime mguu."

Séverin aliacha kuchambua. Akainua kichwa, akasikiliza, akauliza kwa upole:

"Nani amekufa?"

Banda lilicheka mpaka majani yakamwagika. Maana kweli ilikuwa sauti ile ya redioni jioni, ya matangazo ya vifo. Masunga mlangoni akaongeza, "Shemeji, soma taratibu, ng'ombe wangu wameshalala." Joséline alikunja karatasi, akakaa chini, akajifunika uso na ukingo wa kitenge.

Capitoline alicheka pia, kwa sababu ilichekesha. Ila watu walipojitwisha mizigo yao na kuondoka, Séverin hakuinuka.

"Kwa nini mtoto wa watu anasoma hadithi yako," akauliza, "na wewe upo?"

Ikabidi amwambie. Akamwambia yote, shingo, kisu, sauti.

"Usiende," alisema Séverin.

"Nikikaa nitakabwa."

"Mwaka jana ulikuwa nalo rovu, na bado ulinitukana mwaka mzima."

"Mwaka huu ni mwingine."

Séverin akapapasa chini, akaokota jani, akalinyoosha na kulinyoosha mpaka likapasuka. "Utakuwa umekaa hapo," akasema. "Na mimi nitajuaje?"

"Nitakugusa."

"Kila mtu anamgusa kipofu. Anakushika mkono akuvushe, anakuacha, anaenda zake."

Capitoline akaokota lile jani lililopasuka, akaliweka kando. Alikaa akisikiliza pumzi yake mwenyewe inavyolia kooni. Toka siku hiyo Séverin alichambua kwa vidole tu bila kuuliza rangi, kama anayejizoeza.

Kesho yake Capitoline alimwita Joséline, akamkalisha kwenye mkeka, akamwekea majani ya tumbaku mapajani.

"Nisomee. Lakini ukiwa umekaa, na mikono inafanya kazi."

Joséline akasoma, akawa anachanganya. Pumzi inamwishia kabla sentensi haijaisha.

"Unapumua wapi hapo?"

"Kwenye nukta, mama."

"Na nukta iko wapi?"

"Huku chini."

"Utazikwa hujafika. Weka karatasi kando. Chukua jani. Sema neno moja la hadithi, la kutosha jani hilo tu."

Joséline akachukua jani. "Mto umejaa," akasema.

"Jingine."

"Matope mpaka hapa."

"Jingine."

"Na ukweni pombe imeiva."

"Enhe. Sasa funga fungu, na unapofunga usiseme kitu. Waache wainuse hiyo pombe." Capitoline akavuta hewa, akashika shingo, akangoja ipite. "Hivyo ndivyo uandike. Jani na mstari wake. Ukifunga, ruka mstari."

Wakaenda hivyo, siku hadi siku, na kila siku sauti ya mama ilikuwa imepungua kidogo kuliko jana, maana alikuwa anaitumia hukohuko kwenye kufundisha. Joséline aliona. Alijaribu kuharakisha. Ndiyo maana alifupisha.

"Hapa umeandika nini?" mama akauliza.

"Korongo aliomba mara kwa mara arudishiwe mguu wake."

"Mara kwa mara ndiyo nini?"

"Ndiyo kusema aliomba sana. Nimefupisha, mama, usichoke."

"Korongo wa watu amesimama kwenye baridi kwa mguu mmoja, wewe unamfupishia. Mwache aombe. Leta mguu, nimesimama. Mtu anakunywa. Leta mguu, nimesimama. Mtu anaongezewa. Ya tatu usiiseme yote, sema leta mguu, halafu nyamaza. Watasema wenyewe."

"Na hizi basi zako? Basi akaenda, basi akafika. Mwalimu wetu alikuwa anazikata kwa wino mwekundu."

"Zirudishe. Basi ndiyo kigoda changu, nakaa hapo nafikiri kinachofuata."

Na pale ambapo Masunga kila mwaka alikuwa anadakia, kwani huyo mtu mwenyewe hakuwa na miguu, Capitoline akataka liandikwe. Joséline akacheka. Niandike maneno ya Masunga? Yaandike, mama akasema, siku asipokuwepo uulize wewe, kisha ujijibu kwamba alikuwa nayo miwili lakini mifupi, kama ya Masunga. Kidogo kidogo karatasi ikaanza kuwa na watu ndani. Joséline akisoma jikoni, watoto walikuwa wanaacha kugombana. Mara moja Capitoline mwenyewe, anapepeta maharage, alijikuta anaitikia.

Walikwama sehemu moja tu. Mtu anatoka ukweni, amelewa, ana mguu wake mmoja na mguu wa korongo mmoja. Mguu wake unataka nyumbani, mguu wa korongo unataka majini. Giza limeingia. Anatafuta njia. Na hapo, miaka yote, ndipo Capitoline alipokuwa anamgeukia mumewe.

"Mbona hapa umeruka?"

Joséline akalaza kiganja juu ya karatasi.

"Joséline."

"Siwezi, mama. Nitamwambiaje baba mkwe kipofu wangu?"

Capitoline alifungua mdomo amkemee, akaufunga. Aliolewa yeye pia. Alikumbuka nyumba ya wakwe zake kule Burundi, jinsi alivyokuwa anapita nyuma ya baba mkwe kwa kuinama, halitaji jina lake, hamtanii, hali chakula mbele yake. Huyu msichana tangu aingie nyumba hii alikuwa hajatamka jina la Séverin, hata lile la kanisani, hata padri alipomuuliza. Na sasa aambiwe amtanie baba mkwe mbele za watu, kwa ulemavu wake? Angeweza kumlazimisha. Angetii. Ila lingetoka kama tusi au kama kilio, na Séverin masikio yake yalikuwa mazima.

"Basi usiandike," akasema mwisho. "Lakini usiruke. Acha karatasi nyeupe."

"Nikifika hapo nisome nini?"

"Sijui, mwanangu. Nyamaza."

Capitoline akaenda hospitali wiki ya mwisho ya kuchambua. Asubuhi ya kuondoka Séverin alikaa mlangoni, na Capitoline, lori likinguruma barabarani, alimwambia maneno mengi asiyokuwa na haja ya kuyasema. Kwamba kuku mwekundu anataga nyuma ya ghala. Kwamba koti lake limeshonwa. Séverin alikuwa anasema eh, eh, kila mara, kumfanya aongeze.

Aliporudi alikuwa na kitambaa shingoni na alikuwa anapumua vizuri, hewa inaingia na kutoka bila mlio. Rovu lilikuwa limekwisha. Alipofungua mdomo kumsalimia mumewe, kilichotoka kilikuwa pumzi. Daktari alisema wangoje. Wakangoja, mpaka tumbaku ya watu wengine ikaanza kubebwa, na pumzi ikabaki pumzi.

Séverin hakulia. Alichofanya ni kwamba aliacha kuuliza. Zamani alikuwa anauliza kitu kila dakika, kuna nini huko, nani kapita, wingu limekaaje. Sasa Capitoline anaweza kukaa karibu naye asubuhi nzima, akamgusa mkono, naye akaurudisha ule mkono taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. Usiku anamsikia amelala macho.

Tumbaku yao ilikuwa bado imebaki nusu. Watu walikuja kusaidia, lakini kwa heshima, kama wanaokuja msibani, wanasema pole mama, wanachambua, wanaangalia saa. Siku ya pili Masunga aliweka maziwa chini, akakaa mlangoni, akamtazama Joséline.

"Shemeji, ile karatasi iliyotulaza usingizi. Bado unayo?"

Joséline alimtazama mama. Capitoline akainua kidevu: isome.

Joséline hakusimama. Aliweka karatasi juu ya mkeka, majani mapajani, akachukua la kwanza.

"Mmeketi?"

Watu walitazamana. "Tumeketi," mmoja akasema, si kwa nguvu.

"Mwenye haraka je?"

"Ameshaondoka," wakaitikia wengi sasa.

Akaenda. Mto umejaa. Matope mpaka hapa. Na ukweni pombe imeiva. Akafunga fungu, akanyamaza, na banda likainusa. Masunga akauliza habari ya miguu, akajibiwa kuhusu miguu yake mwenyewe, watu wakacheka, kisha wakastuka kwamba wamecheka, wakamtazama mwenye nyumba. Capitoline alikuwa anachambua. Kila neno lilikuwa lake. Lilikuwa linatoka palepale lilipokuwa likitokea, linasita palepale, na yeye amekaa na mdomo umefungwa anajisikiliza kutoka upande wa pili wa banda. Hakujua kama ni furaha anayosikia. Ilikuwa kama kumwona mtu amevaa nguo yako na imemkaa.

Séverin hakuwa amecheka. Alikuwa amekaa, jani mkononi, halinyooshi.

Leta mguu, nimesimama. Leta mguu, nimesimama. Leta mguu, na banda zima, nimesimama.

Mtu akatoka ukweni. Giza likaingia. Mguu mmoja unataka nyumbani, mmoja unataka majini. Joséline akafika penye weupe. Akanyamaza.

Hakukuwa na fungu la kufunga. Mikono yake ilikuwa mitupu. Watu waliokuwa wanaijua hadithi wakaanza kutazama chini, kwa sababu walijua nini kinakosekana hapo, na ukimya ukawa mrefu mpaka ng'ombe wa Masunga wakasikika nje wanang'oa nyasi.

"Mbona mmenyamaza?" Séverin akasema. "Hapo huwa naulizwa."

Joséline alimtazama mama. Midomo ya Capitoline ilikuwa inacheza bila sauti.

"Mama anauliza," Joséline akasema, "kama unaiona njia."

"Ndivyo anavyouliza?"

"Hapana, baba."

"Anaulizaje?"

Joséline akavuta kitenge kikamfunika kichwa na nusu ya uso. Akageukia ukutani, mgongo kwa baba mkwe, kama mtu anayevua nguo.

"Mama anasema, kipofu wangu, unaiona njia?"

Hakuna jani lililosogezwa. Séverin akainua kichwa. Halafu uso wake ukafunguka, taratibu, upande mmoja kwanza.

"Mwambie naiona kuliko yeye," akasema. "Mwambie huyo mtu apite kulia, kushoto kuna matope. Mwambie namngoja tangu juzi aseme."

Banda likapumua, wengine wakacheka, mama mmoja akajifuta macho kwa kiganja chenye tumbaku akaanza kupiga chafya. Lakini Capitoline alikuwa anamtazama mumewe. Maneno alikuwa amemjibu yeye. Uso ulikuwa umegeukia kule ukutani kwa Joséline, umenyooka, unamngoja Joséline, na mahali alipokaa yeye, mkono mmoja tu kutoka kwa mumewe, palielekewa na bega na sikio tu.

Alikaa hivyo mpaka korongo alipoita tena. Kisha akajikusanya, akaokota kigoda chake na majani yake, akapita katikati ya miguu ya watu, wakimpisha, mpaka nyuma ya Joséline. Akaweka kigoda pale, karibu kabisa, magoti yake yakigusa mgongo wa mkamwana wake. Joséline akataka kuinuka ampishe. Capitoline akambonyeza bega: kaa, endelea.

Joséline akaendelea. Leta mguu, akasema. Uso wa Séverin ukainuka kidogo, ukawaelekea wote wawili, na Capitoline akachukua jani, akalinyoosha kwenye paja, akawa anapumua pale ambapo mstari unaisha.